Milima ya Bama

Jumatatu, 3 Machi

Korongo wamerudi bondeni. Wanne, wale wenye taji la dhahabu. Nililala kifudifudi kwenye umande kabla ya kwenda kuchuma majani ya chai, kamera juu ya gunia, gauni limelowa hadi kiunoni. Mmoja akafungua mabawa, wengine wakaanza kurukaruka kumzunguka, shingo juu, shingo chini. Nikasahau kubofya. Mwalimu mstaafu mzima, mdomo wazi kwenye matope.

Nilipokumbuka, nilibofya ovyo. Picha nyingi zina miguu tu. Moja ni nzuri mno. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Mume wangu, Baba Dennis, akauliza kama leo tutakula picha. Nikabandika sufuria.

Daftari hili liko salama. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na katika boma hili hakuna anayekigusa ila akija mgeni au polisi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempiga picha baba mkwe wangu, ninayemwita Tata, yaani baba.

Si jambo dogo. Kwetu mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe. Simpi mkono. Simkazii macho. Yeye haingii nyumbani kwangu hata mvua ya mawe ikimnyeshea. Ni heshima, nami nimeizoea. Namjua kwa kofia, kwa sauti na kwa kikohozi.

Nilikuwa migombani nikivizia ndege. Yeye ameketi mlangoni kwake, ng'ambo ya uwanja, anaota jua. Nikageuza lenzi ndefu. Ghafla uso wake ukajaa mbele yangu. Nusura niangushe kamera. Ana kovu juu ya nyusi. Macho yake ni ya hudhurungi, maangavu, kama ya mtoto. Nimempikia mtu huyu chai tangu nilipoolewa na sikujua rangi ya macho yake!

Nikamtuma Baba Dennis aniombee ruhusa, ingawa nilikuwa nimeshabofya. Tata akajibu kwa sauti ili nisikie: "Kwani ndege wamekwisha?"

Sabato, 8 Machi

Dennis ameleta mkewe kutoka Nakuru aje ajifungulie nyumbani. Moraa ni mkubwa kama ghala. Daktari amesema ni mvulana.

Baada ya kanisa tukala wote uwanjani, mimi na Moraa upande wetu, wanaume upande wao. Dennis, bila hata kungoja mboga zifike, akamwomba Tata jina la baba yake ampe mtoto.

Hilo jina halitamkwi hapa. Baba yake Tata aliandikwa jeshi wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa Bama, ndiyo Burma ya vitabuni, hakurudi. Barua haikuja, maiti haikuja. Alipoondoka mkewe alikuwa na mimba. Mimba hiyo ndiyo Tata. Mkewe naye akafa mtoto angali mdogo, na Tata akalelewa na nyanya yake, kwa akina mama yake. Mimi kama mke wa boma sina ruhusa hata ya kulitamka jina, basi humu namwita Askari.

Hapa kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na mkubwa wa boma ndiye hulitamka kwanza. Jina la aliye hai halipewi mtu. Tata ana jibu moja tu tangu zamani. Leo amelirudia: "Mtu asiye na kaburi hajafa."

Dennis akamwambia, "Lakini Babu, angekuwa amepita miaka mia." Tata akavaa kofia, akaacha ugali wake, akaenda.

Nimekasirika. Nimemkasirikia Dennis kwa haraka zake. Nimemkasirikia Tata pia. Wajukuu wote wamepewa majina ya ndugu na wajomba, tunao watu watatu wenye jina moja, ukiita mmoja wanakuja wote. Na kile kifua chake hakiniridhishi. Akifa bila kulitamka hakuna mwingine mwenye haki hiyo, maana mwana wa Askari ni yeye peke yake. Jina litakuwa limekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Dennis amesema kama hapati jina, basi apate picha. Iko moja tu ya Askari, chumbani kwa Tata. Chumbani kwa baba mkwe mimi siingii, kwa hiyo sijawahi kuiona. Baba Dennis ameileta imefungwa kwa taulo kama mkate.

Niliiweka barazani, mahali pa kivuli. Kijana. Kaptura, kofia ya jeshi iliyokunjwa ukingo upande mmoja, mikono imenyooka. Karibu na buti lake kuna jiwe. Nyuma yake, milima. Chini kabisa karatasi imeingiwa na unyevu, kuna doa jeusi pana. Watoto wote wa boma hili wamekua wakiambiwa hiyo ndiyo milima ya Bama.

Macho ni yale yale. Yale niliyoyaona Alhamisi kwenye lenzi.  Yeye kijana wa ishirini na kitu, mwanawe mzee wa themanini na mbili, na macho ni jozi moja.

Nimenakili picha mara nyingi kwa kamera, kisha ikarudishwa chumbani kabla Tata hajaikosa.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa kwenye cherehani nikibadilisha vifungo vya shati la Baba Dennis. Simu mezani, picha ya Askari imefunguliwa. Nikatazama shati. Nikatazama simu. Shati la Askari limefungwa kama blauzi ya mwanamke.

Jeshi haliwezi kushona hivyo. Mimi nimeshona sare za shule nzima: mwanamume kushoto juu ya kulia, mwanamke kulia juu ya kushoto.

Nikampigia yule mpiga picha wa harusi aliyeniuzia kamera, ana duka mjini Kisii. Akacheka sana. Amesema zamani filamu ikiwekwa kinyume wakati wa kusafisha, picha hutoka imegeuka, kushoto kulia, kulia kushoto. Amewahi kuharibu harusi nzima hivyo, pete zote mkono usio wake, na wenyewe hawakugundua mpaka leo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeigeuza kwenye simu. Kidole kimoja tu.

Ni Manga, mlima wetu.

Nilikaa chini sakafuni jikoni. Moraa akadhani presha imenipanda, akaleta maji.

Jabali lile linalokatika wima. Pengo. Kisha nundu, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Nimeupiga picha mlima huu alfajiri ngapi sijui, ukiwa na ukungu, ukiwa mweupe wa mvua, ukiwa mwekundu. Bama gani! Tumezaliwa chini yake, tumeolewa chini yake, na watu wa boma hili wameutazama ukutani miaka yote hii wakidhani ni ng'ambo ya dunia.

 Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Mashaka yaliniingia, basi nimetoka kutafuta. Mlima hubadilika kulingana na uliposimama. Ukisogea upande mmoja pengo linafumba, ukisogea mwingine nundu inajificha. Picha ilipigwa mahali pamoja tu duniani, na pale pengo na nundu vitakaa kama vilivyokaa.

Nilianzia barabara ya kwenda Kisii. Haikufanana. Kanisani, pengo limefumba kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akaniuliza nimepoteza ng'ombe gani. Nikasema mweupe.

Kadiri nilivyorudi kuelekea nyumbani ndivyo ilivyozidi kukaa sawa. Nikaongeza mwendo. Kwenye ua wetu ilibaki kidogo tu. Kisha mikaratusi ya Baba Dennis ikafunika kila kitu. Alipanda ukuta mzima wa miti ili auze kuni kwa kiwanda cha chai. Nimeitukana miti ile mti mmoja mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Nimeingia katikati ya mikaratusi. Pale ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake Tata, zamani, kabla ya miti. Kuna uwazi mdogo ambapo mti mmoja ulianguka. Nikasimama hapo, nikainua macho.

Jabali, pengo, nundu. Kila kimoja mahali pake.

Nikashusha macho, na kando ya mguu wangu kuna jiwe. Jiwe letu la kunolea panga, lenye shimo katikati lililochimbwa na makali ya watu wengi. Nilinoa hapo juzi nikilalamikia mgongo. Nimelinganisha na picha. Ni lenyewe, ila siku hizo shimo lake lilikuwa dogo.

Nimeweka kiganja juu yake.  Alisimama hapa. Buti hapa, mimi hapa. Nimelia peke yangu katikati ya miti kama mjinga.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwonyesha Baba Dennis. Aliikuza picha, akaipunguza, kisha akasema nisimwambie Tata.

Hoja yake ina maana, na inaniudhi kwamba ina maana. Huenda Askari alipigwa picha hapa kabla hajaenda, mara tu alipopewa sare. Mtoto bado yuko tumboni. Basi hakuna kilichobadilika. Kidonda cha Tata maishani ni hicho: baba yangu hakuniona. Amekisema harusini kwetu, amekisema kanisani mbele za watu. Tukimwambia picha ni ya hapa nyumbani, tumemnyang'anya Bama na hatujampa chochote.

Nimekubali. Nimenuna siku nzima.

Jumatano, 19 Machi

Lazima niandike polepole.

Asubuhi nilirudi bondeni kwa korongo. Jua lilikuwa chini, mgongoni kwangu. Kwenye kila picha kivuli changu kimeingia, kirefu, kimelala mbele yangu majanini, viwiko vimetoka pande mbili. Picha zote zimeharibika. Nilikuwa nikizifuta kwa hasira, moja baada ya nyingine, mara mkono ukakataa.

Lile doa jeusi.

Nikakimbia nyumbani. Nikamwambia Dennis anifungulie picha ya Askari kwenye kompyuta yake, aikuze sehemu ya chini, aiongezee mwanga. Si unyevu. Ni vivuli. Viwili, vimelala majanini kuelekea kwenye buti za Askari. Kimoja ni cha mtu mwenye kofia, mikono imekunjwa tumboni, kama walivyoshika kamera zile za zamani za sanduku. Cha pili ni cha mwanamke. Ana leso kichwani, unaona fundo. Mgongoni kuna uvimbe. Na juu ya uvimbe, pembeni ya bega lake, kimechomoza kichwa kidogo cha mviringo.

Kinachungulia.

Nilipiga kelele. Kuku walitawanyika. Moraa alishika tumbo lake kwa mikono miwili, akaniambia, "Mama, usinizalishe kabla ya wakati."

Alhamisi, 20 Machi

Sina ushahidi wa kortini. Huenda ni mke wa jirani na mtoto wa jirani. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi ili nisipotee.

Lakini nani mwingine angesimama kwenye uwanja wa mwanamke mwenzake, mtoto mgongoni, akimtazama mume wa mtu akipigwa picha? Askari alikuja likizo, Tata ameshazaliwa. Alikuja kabla ya Bama. Hakuna aliyebaki wa kumwambia Tata.

Baba Dennis alitazama kompyuta, akakohoa, akaenda kumpa ng'ombe majani. Ng'ombe alikuwa ameshapewa. Aliporudi akasema, "Mwambie wewe. Mimi nitashindwa kumaliza."

Mimi? Mke wa mtoto?

Ijumaa, 21 Machi

Tumemwambia.

Tulimkuta mlangoni kwake. Baba Dennis alikaa karibu naye, mimi nilibaki mbali, uso pembeni kama inavyotakiwa, nikasimulia nikitazama migomba. Vifungo. Manga. Jiwe.  Nilipofika kwenye vivuli, Dennis akampelekea kompyuta. Jua lilikuwa kali, kioo kinang'aa, hakuona kitu. Dennis akaonyesha, Baba Dennis akaonyesha, wote wawili wakisema kwa pamoja, vidole vimejaa kwenye kioo.

Tata akasema, "Nyamazeni. Aje mwenyewe aliyeona."

Nilidhani nimesikia vibaya. Baba Dennis akanitazama, akasogea.

Nikaenda. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikatandaza kitenge changu juu yetu na kompyuta ili kuwe na giza. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo. Alinukia sabuni na moshi. Nikamwonyesha kwa kidole: huyu mwenye kofia, huyu mama, huu mgongo. Hapa.

 Akaweka kidole juu ya kile kichwa. Akakiacha hapo. 

"Alijua niko," akasema.

Kisha, polepole, kana kwamba anaongea na kioo: "Si kaburi, mwanangu. Kaburi nilikuwa nasema tu. Mtu huitwa na anayemjua. Mimi hakunijua, ningemwita angekuja kwa nani?"

Hajawahi kuniita mwanangu. Huniita mama wa Dennis, tena kwa kupitia mtu.

Akafunua kitenge, akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu, 24 Machi

Hajatoka ila kwenda kanisani juzi, na huko hakusalimia mtu. Chakula kinarudi nusu. Kikohozi nakisikia kutoka jikoni kwangu.

Nimemvunja. Ndilo wazo langu la leo na sina lingine. Mzee alikuwa na uchungu mmoja alioujua, nikampa mwingine mpya uzeeni: kwamba alikuwa na baba, alionwa, na hakumbuki. Na mimi na lenzi zangu.

Jina hakuligusia. Dennis ameanza kutafuta mengine. Leo alitaja la mchezaji wa mpira. Nikatoka nje kabla sijasema neno.

Moraa ameshikwa na uchungu mchana. Baba Dennis amewapeleka hospitali Nyamira. Mimi nimebaki na ng'ombe na mlango uliofungwa.

Jumanne, 25 Machi

Mvulana. Mzima. Mama mzima. Namshukuru Mungu.

Nilikwenda kusimama nje ya mlango wa Tata, mbali kidogo, nikatangaza kwa sauti.  Kisha nikasikia kiti kikisukumwa. Basi.

Alhamisi, 27 Machi

Wamerudi jioni. Mvua ilikuwa imekatika, Manga imesafishwa, kila ufa wa jabali unaonekana.

Mtoto alikuwa nyumbani kwangu, na Tata haingii nyumbani kwangu. Tulikuwa tumeketi na Moraa tuliposikia kikohozi nje. Amesimama katikati ya uwanja, amevaa koti la Sabato siku ya Alhamisi, kofia mkononi. Hakuita mtu. Alingoja tu.

Dennis akambeba mtoto, akamtoa nje. Sisi tukabaki mlangoni. Tata akampokea. Mikono ilikuwa imara. Akakifunua kitambaa usoni, akamtazama muda mrefu sana. Kisha akasema:

"Mokaya."

Sauti ilitoka na kutu. Akasema tena, safi zaidi. Baba Dennis alikuwa amesimama kando ya nguzo, analia waziwazi bila kujificha, mzee wa kanisa. Sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwa mtu wa boma hili tangu nilipoolewa. Sasa ni la mtoto, na mtoto naruhusiwa kumwita. Mokaya. Nimeliandika. Mokaya.

Kwetu aliyebeba jina la baba yako ni baba yako, hata akiwa mchanga. Unamwita hivyo mpaka mmoja wenu afe. Tata hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita hivyo. Kwa nyanya yake walikuwa wanawake watupu. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kitambaa, akamwita taratibu: Tata. Akangoja kidogo. Akamwita tena.

Baridi ikaanza kushuka. Moraa akauliza kwa upole kama mtoto arudishwe ndani.

Tata akasema bado kidogo.